Msaada wa Mapema kwa Familia Ndio Mlango wa Sheria ya Mtoto

Maelezo ya mazungumzo kwa masheha, walimu, wahudumu wa afya, watumishi wengine wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba



Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya mwaka 2011, hutajwa zaidi pale linapotokea jambo la kuhuzunisha. Mtoto amejeruhiwa, ama amedhalilishwa, ama ametupwa, mtu amekamatwa, kesi imefunguliwa. Kwa sababu hiyo wananchi wengi wamejenga dhana kwamba sheria hii ni ya polisi na mahakama peke yake, na kwamba ofisa ustawi wa jamii akipiga hodi katika nyumba, basi amekuja kumchukua mtoto au kumpeleka mzazi kituoni.

Dhana hiyo inaleta hasara. Mzazi mwenye shida huificha shida yake. Jirani anayeona hunyamaza. Mwalimu huandika utoro katika daftari na kulifunga. Sheha husubiri mpaka aletewe malalamiko. Jambo linapofika ofisini huwa limekwisha kuwa kubwa, na kilichobakia ni mambo mazito ya hospitali, polisi na hakimu.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuueleza upande wa sheria usiosikika sana, nao ni upande wa kusaidia kabla ya kuharibika. Sheria ya Mtoto imekusudia mtoto alelewe na wazee wake, na imekusudia vile vile wazee hao wasaidiwe wanapoelemewa. Mahakama ni mlango wa mwisho. Mlango wa kwanza uko katika shehia, skuli, kituo cha afya na baraza ya jirani.

CHIMBUKO LA SHERIA

Kabla ya mwaka 2011 mambo ya mtoto hapa Zanzibar yalitawanyika katika sheria mbali mbali, nyengine zikiwa zimerithiwa tangu enzi za ukoloni. Zilikuwepo pia sheria zilizomtazama mama wa mtoto kwa jicho la adhabu. Mathalan, sheria ya mwaka 1985 iliyohusu wari, wajane na wanawake walioachwa iliruhusu kumfunga jela msichana aliyepata uja uzito nje ya ndoa. Mwenye kuogopa kifungo hujificha. Anayejificha haendi kliniki, hamtaji baba wa mtoto, wala hadai matunzo. Adhabu iliyokusudiwa mama humwangukia mtoto aliye tumboni.

Mwaka 2005 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Nam. 4 ya kuwalinda wari na watoto wa mzazi mmoja, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya 1985 na kukiondoa kifungo hicho. Mabadiliko hayo yalionesha njia ambayo sheria za visiwa hivi zilikuwa zinaifuata, yaani kutoka katika kuadhibu familia yenye mashaka kuelekea katika kuisaidia.

Aidha, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na mwaka 2003 ikaridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990. Ibara ya 18 ya mkataba wa kwanza inasema jambo ambalo wengi hawalijui. Inaeleza kwamba wazazi ndio wenye jukumu la kwanza la malezi, na kwamba Serikali inapaswa kuwapa wazazi hao msaada unaofaa ili waweze kulitimiza. Kwa hivyo mzazi anayeomba msaada haombi hisani. Mkataba wa Afrika nao, katika ibara ya 31, unamtaka mtoto awaheshimu wazee wake na kuitumikia familia yake. Hapana msingi, kwa hivyo, wa ile kauli isemayo kwamba haki za mtoto zimekuja kuwavunjia wazee heshima yao.

Sheria ya mwaka 2011 ilizikusanya haki na wajibu huo mahali pamoja. Inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Inataka katika kila uamuzi unaomhusu maslahi yake yatangulizwe. Inaeleza kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Inaweka misingi ya mahakama ya watoto, ya matunzo, ya vituo vya kulelea watoto, ya malezi mbadala na ya kafala. Mwaka 2015 sheria hiyo ilipata tuzo ya dhahabu ya taasisi ya kimataifa ya World Future Council. Tuzo ni heshima kwa visiwa hivi, lakini haimfikii mtoto wa kijijini mpaka watumishi na wananchi wawe wameielewa sheria yenyewe na kuitumia.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Ili jambo hili lifahamike vyema, na uchukuliwe mfano wa nyumba moja. Nyumba hiyo si ya mtu maalumu, bali mwenendo wake hautakuwa mgeni kwa wanaoishi pwani ya mashariki ya Unguja.

Mama analima mwani, kazi iliyoanza kibiashara katika vijiji vya Paje na Jambiani mwaka 1989 na ambayo hadi leo hufanywa zaidi na wanawake. Kazi hiyo hufuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hutoka mbali, na huo ndio wakati wa kufunga mbegu na kuvuna. Wakati wa maji mafu kazi hupungua. Baba ni mvuvi. Alikwenda dago, akawa analeta fedha kila anapopata. Baadaye akaoa huko, talaka ikaja kwa barua, na fedha zikakatika. Nyumbani wamebakia mama, binti wa miaka 9 anayesoma darasa la tatu, na mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu.

Kila bamvua binti haendi skuli. Anabakia nyumbani kumshika mdogo wake na kuinjika chungu. Mama hurejea jua limekwisha kuwa kali, amechoka, miguu imeliwa na maji ya chumvi, akakuta chakula kimeungua au mtoto analia, na mkono wake unatangulia kabla ya neno. Si mama mbaya. Ni mama aliyeachiwa kazi ya watu wawili.

Sasa na waangaliwe wale wanaoijua sehemu ya habari hii. Mwalimu wa darasa la tatu ana daftari la mahudhurio. Akilifungua kwa makini ataona kwamba utoro wa mtoto huyu unakuja na kuondoka pamoja na maji. Mhudumu wa kliniki ana kadi ya mtoto mdogo, na katika kadi hiyo mstari wa uzito uliokuwa ukipanda umelala kwa miezi mitatu. Jirani ana masikio. Anasikia kilio kila baada ya wiki mbili. Sheha anajua kwamba baba amehama, maana talaka haifichiki kijijini. Watu wanne wana vipande vinne, na kila mmoja anakiona cha kwake kuwa ni kidogo mno kupelekwa kwa mtu yeyote.

Vipande hivyo visipounganishwa, mwisho wake unajulikana. Siku moja chungu kitapinduka juu ya mtoto anayetambaa, au fimbo itampiga binti pahala pabaya. Hapo ndipo watakapokuja wote kwa pamoja, daktari, polisi, ofisa ustawi na hakimu, na mama yule ataulizwa maswali ambayo hakuna aliyemuuliza alipokuwa bado anaweza kusaidiwa.

Vipande vikiunganishwa mapema, kinachohitajika si kikubwa. Baba anaitwa na kukumbushwa matunzo ya watoto wake. Akikataa, mama anaelekezwa namna ya kudai. Kliniki inamfuatilia mtoto mdogo na kumweleza mama chakula kinachofaa katika vile vinavyopatikana kijijini. Wanawake wa kikundi cha mwani wanapangiana zamu, mmoja wao akabakia na watoto wakati wenzake wamo baharini. Mwalimu anamrejeshea binti masomo yaliyompita. Mratibu wa wanawake na watoto wa shehia anakaa na mama, bila ya kumgombeza, wakazungumza juu ya hasira na bakora. Katika yote hayo hapana mtoto aliyeondolewa nyumbani, hapana aliyeshitakiwa. Huu ndio msaada wa mapema, na sheria inauruhusu wote.

MISAADA ILIYOPO

Pengine patasemwa kwamba maneno haya ni mazuri lakini misaada yenyewe haionekani. Ukweli ni kwamba ipo, ila imetawanyika, na mwananchi haambiwi kwamba yote ni ya jambo moja.

Katika afya, wako wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii ambao huwatembelea majumbani waja wazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Mpango wa Jamii ni Afya ulizifikia wilaya zote za Unguja na Pemba mwaka 2021. Mhudumu anayeingia ndani ya nyumba huona mambo ambayo hayaonekani katika foleni ya kliniki. Anamwona mama asiyezungumza, mtoto asiyecheza, na chungu ambacho hakijainjikwa tangu jana.

Katika elimu, tangu mwaka 1990 jamii mbali mbali za Zanzibar zimeanzisha skuli za maandalizi kwa msaada wa Kituo cha Madrasa, chini ya Aga Khan Foundation, na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliyafanya maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya msingi ya lazima. Watu wengi huichukulia skuli ya maandalizi kuwa ni pahala pa kujifunza herufi tu. Kwa mama anayekwenda shamba au baharini, ni pahala salama pa mtoto kwa saa kadhaa, na kwa dada mkubwa ni ruhusa ya kurudi darasani.

Katika kipato, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ulizifikia kaya za Unguja na Pemba kuanzia miaka ya 2010, ukiambatanisha ruzuku na kuhudhuria kliniki na skuli kwa watoto. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kutoa Pensheni Jamii kwa wazee wote waliofikia umri wa miaka 70. Inafaa ikumbukwe kwamba bibi na babu wengi wanalea wajukuu, na fedha inayoingia mkononi mwa mzee aghalabu huishia katika daftari na viatu vya mtoto.

Katika matunzo, maofisa ustawi wa jamii hupokea malalamiko na kuwakutanisha wazazi waliotengana. Kwa Waislamu, madai ya matunzo na ulezi baada ya talaka yana pahala pake katika Mahakama ya Kadhi. Mama hapaswi kusubiri mpaka mtoto alale na njaa ndipo aende. Dai la matunzo likifikishwa mwezi wa kwanza, baba bado yu karibu na moyo wake bado una haya. Likifikishwa baada ya miaka mitatu, huwa ana nyumba nyengine na watoto wengine.

MALEZI NA BAKORA

Lipo jambo moja linalohitaji kuzungumzwa bila ya kuficha. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24. Kwa upande wa Zanzibar takriban wasichana 6 katika kila 10 na wavulana 7 katika kila 10 walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti huo ulizungumzia ngumi, mateke, viboko na kutishwa kwa silaha.

Sheria ya Mtoto haimnyang'anyi mzazi haki ya kumrudi mwanawe. Inamruhusu amfunze adabu, ila kwa namna isiyomdhuru mwili wala akili. Mpaka uliowekwa ni madhara. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wenye kuipenda bakora huutumia sana msemo huo. Lakini wahenga hao hao walisema mkono mmoja haulei mwana. Mzazi anayepiga mpaka akavuka mpaka, mara nyingi ni mzazi aliyebakia na huo mkono mmoja. Kumpa mkono wa pili kunaweza kumlinda mtoto mapema kuliko kumngojea kwa pingu.

MUHALI NA SULHU

Neno muhali halihitaji kufasiriwa visiwani. Mtu anaona, anajua, na moyo wake unamwambia aseme. Lakini anayehusika ni ami yake, au shemeji yake, au mtu aliyemsaidia katika msiba. Basi ananyamaza, na ukimya wake unaitwa busara.

Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa, na ni lazima yatenganishwe.

Jambo la kwanza ni shida za familia, kama vile ugomvi wa matunzo, utoro wa skuli, mama aliyeelemewa, mtoto aliyeanza kushindikana, au kijana anayekwenda kuchuma karafuu siku za masomo. Haya ndiyo yenye nafasi ya sulhu, nasaha na mapatano. Sheha, wazee na mratibu wa shehia wakikaa na familia, wanafanya kazi ile ile ambayo sheria inaitaka ifanywe. Katika mambo haya kusema mapema hakumfedheheshi mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jambo la pili ni makosa ya jinai dhidi ya mtoto. Kumbaka, kumlawiti, kumshika kwa nia ya udhalilishaji, au kumpiga mpaka akajeruhiwa si shida ya familia. Ni kosa, na halina sulhu. Mapatano ya fedha, ndoa ya haraka ya kumstiri msichana, au safari ya mtuhumiwa kwenda ng'ambo ya bahari, yote hayo humwacha mtoto peke yake na kumwachia mkosaji watoto wengine. Haki iliyotendewa ubaya ni ya mtoto, na ami au sheha hana mamlaka ya kuisamehe kwa niaba yake.

Kwa mambo ya aina hii zipo njia maalumu. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na baadaye vyengine katika hospitali nyengine za Unguja na Pemba, ili mtoto apate matibabu, ushauri na huduma ya polisi pahala pamoja bila ya kuzungushwa. Jeshi la Polisi lina Dawati la Jinsia na Watoto. Mwaka 2021 Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Simu ya huduma kwa mtoto, nambari 116, inapokea taarifa za watoto walio katika hatari.

Kwa hivyo mwenye kusitasita na ajiulize swali moja. Je, jambo aliloliona ni la familia iliyochoka, au ni la mtoto aliyefanyiwa kosa? La kwanza lipelekwe kwa mratibu, sheha au ofisa ustawi. La pili lipelekwe polisi na hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya mtoto kuogeshwa na nguo zake kufuliwa. Asiyeweza kupambanua asiwe hakimu. Amweleze ofisa ustawi, ambaye kazi yake ni kupambanua.

PALE MTOTO ANAPOLAZIMIKA KUONDOLEWA

Wapo watoto ambao nyumba zao si salama, na kwa hao sheria haina budi kuingia kwa nguvu. Mahakama inaweza kuamuru mtoto abakie nyumbani chini ya usimamizi wa ofisa ustawi, au awekwe chini ya matunzo ya wengine. Hata hivyo, mkataba wa mwaka 1989, katika ibara ya 9, unataka mtoto asitenganishwe na wazazi wake ila kwa uamuzi wa mamlaka husika, kwa mujibu wa sheria, na pale tu maslahi yake yanapolazimisha. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inaongeza kwamba umasikini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwao. Umasikini ni sababu ya kuisaidia nyumba.

Mtoto anapoondolewa, jamaa hutafutwa kwanza. Desturi ya visiwa hivi ya bibi, shangazi au khalati kumchukua mtoto ni hazina, na mkataba wa kimataifa, katika ibara ya 20, umeitaja kafala ya sheria ya Kiislamu kwa jina lake miongoni mwa njia za malezi. Lakini desturi nayo inahitaji jicho. Mtoto anayepelekwa mjini kwa jamaa ili asome, akaishia kuamka alfajiri kufua na kupika na asiende skuli, hakupelekwa kulelewa. Ofisa ustawi anapomfuatilia mtoto aliye kwa jamaa hawatilii jamaa shaka, anatimiza wajibu.

UPUNGUFU ULIOPO

Haifai kufichwa kwamba upo upungufu. Maofisa ustawi wa jamii ni wachache kulingana na kazi. Mmoja hulazimika kuzihudumia shehia nyingi, na shehia nyengine ni visiwa vidogo vinavyofikiwa kwa mashua. Waratibu wa shehia wanafanya kazi kubwa kwa malipo madogo. Kesi za jinai, kwa kuwa ni za haraka, humeza siku zote za ofisa, na familia iliyohitaji kutembelewa mara moja tu haitembelewi.

Upungufu huo ndio sababu nyengine ya kuanza mapema. Mazungumzo ya jioni moja barazani hayana gharama. Kesi moja ya mtoto aliyeumizwa huchukua siku za daktari, mpelelezi, mwendesha mashtaka, hakimu na ofisa ustawi, na baada ya yote hayo mtoto bado ana kovu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha ya umma na kwa maisha ya mtoto.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa mintarafu hiyo, kila mmoja ana sehemu yake.

Kwanza, mwalimu asilifunge daftari la mahudhurio bila ya kulisoma. Utoro unaojirudia kwa mpango una sababu, na sababu hiyo iko nyumbani. Mzazi aitwe kwa heshima, aulizwe kabla ya kulaumiwa.

Pili, mhudumu wa afya aitazame kadi ya kliniki pamoja na mwenye kadi. Uzito unaposhuka, pamoja na maelezo ya chakula, na aulize nani yuko nyumbani na nani anayemshika mtoto mchana.

Tatu, sheha na mratibu wa shehia wakutane mara kwa mara na mwalimu na mhudumu wa afya, hata kama hapana kesi. Vipande vilivyotawanyika huunganishwa kwa kukutana. Watakayoyasikia yabakie siri ya kazi, kwani familia ambayo shida yake imesikika sokoni haitafungua mlango mara ya pili.

Nne, ofisa ustawi anapoingia katika nyumba na ajitambulishe kwa kazi ya kusaidia, na awaeleze wazee haki zao pamoja na wajibu wao. Namna anavyoondoka katika nyumba ya kwanza ndiyo itakayoamua kama nyumba ya pili itamwita.

Tano, baba aliyetengana na mama wa watoto wake akumbuke kwamba talaka huvunja ndoa na haivunji uzazi. Mtoto amesajiliwa kwa jina lake, na tumbo la mtoto halijui kwamba wazee wameachana.

Sita, jirani asiulize kama anaruhusiwa kusema. Taarifa ya mapema haimpeleki mtu jela. Inampelekea mtu msaada. Na mama aliyeelemewa, ambaye pengine anayasoma haya au anasomewa na mwanawe, aelewe kwamba kwenda kwa mratibu na kusema "nimechoka, nisaidieni" hakumwondolei sifa ya uzazi. Sheria ilitungwa pia kwa ajili yake.

Ndugu masheha, ndugu watumishi na wananchi. Sheria ya Mtoto imekwisha kutungwa, na mahakama na vituo vimekwisha kufunguliwa. Kilichobakia kinaanza na hatua chache kutoka mlango mmoja kwenda mlango wa pili, kabla ya bamvua lijalo.